Ioni inapitaje kati ya fito nne za kwadrupoli, na kwa nini kilele cha 502 kinatanuka?

Mpimaji_Shimanzi

Assalamu alaykum wana jukwaa. Maabara yetu iko Shimanzi, tunapima mabaki ya viuatilifu kwa GC-MS (mashine inayotenganisha kemikali kwa gesi, kisha kuzitambua kwa tungamo la ioni zake) ya kwadrupoli moja, yaani fito nne zinazochuja ioni. Kitabu cha mashine kinasema fito zina urefu wa 200 mm, r0 (kutoka mhimili wa katikati hadi uso wa ufito) ni 4 mm, na RF (volti inayogeuka-geuka kwa kasi) ni 1.0 MHz. Tunaskani kuanzia m/z 35 hadi 650 (m/z ni tungamo la ioni kwa chaji yake; u ni kipimo cha tungamo la atomu).

Kwenye tyuni (marekebisho ya mashine) ya PFTBA, kemikali yenye vilele vinavyojulikana, kilele cha 69 kimekaa vizuri: upana wa 0.6 u kwenye nusu ya kimo. Cha 219 kimeanza kunenepa, 0.8. Cha 502 kimeshuka kimo, kimefika 1.3, na upande wake wa kushoto, yaani upande mwepesi, kina mkia. Isotopu yake ya 503 haijitengi tena. Maji (18) yako juu kiasi, 28 (naitrojeni) na 32 (oksijeni) ziko chini.

Humu ndani kuna rai tatu. Mmoja anasema fito hazina tena nguvu ya kuvuta ioni nzito, tupandishe nishati ya ioni kutoka 5 eV hadi 20 eV zipite upesi. Wa pili anataka fito zifunguliwe zisuguliwe. Wa tatu anataka tuongeze volti ya kikuza elektroni, yaani kigunduzi kinachopokea ioni mwishoni. Kabla hatujagusa chochote: ioni inafanywa nini hasa pale kati? Nani anaisukuma mbele, na nani anaamua ipi ipite? Naomba majibu yenye hesabu.

---

FitoNne

Wa alaykum salaam, ndugu. Nianze na hilo la kuvuta. Ndani ya kwadrupoli hakuna kinachovuta ioni mbele. Uga wa umeme baina ya fito uko kwenye x na y tu. Kwenye z, yaani kufuata urefu wa fito, ni sifuri. Ioni inaingia na nishati yake, ambayo ni tofauti kati ya volti ya chemba ya chanzo na volti ya wastani ya fito zote nne, na inakwenda na nishati hiyohiyo mpaka mwisho. Kwa 5 eV, ioni ya m/z 502 yenye chaji moja inakwenda mita 1,386 kwa sekunde. Inamaliza 200 mm kwa mikrosekunde 144, na kwa kuwa RF yako ni 1.0 MHz, ndani ya muda huo imeona mizunguko 144 ya RF. Ioni ya 69 kwa nishati ileile inakwenda mita 3,740 hivi kwa sekunde, kwa hiyo inaona mizunguko 53 tu. Hizi namba mbili, 144 na 53, ziweke kando, zitarudi.

Sasa tuje kwenye x na y, ambako ndiko uamuzi unakofanyika. Fito zinazotazamana zimeunganishwa jozi. Jozi moja inapewa +(U − V cos Ωt), na ya pili inapewa kinyume chake. U ni DC, volti isiyogeuka. V ni kimo cha RF kutoka sifuri hadi kileleni, na Ω ni masafa ya RF mara 2π. Chukua ioni chanya. Kwenye jozi yenye DC chanya, tuiite x, DC inairudisha ioni katikati huku RF ikiitikisa. Ioni nzito haitikisiki upesi, inabaki kwenye mhimili. Ioni nyepesi inaifuata RF, kila mzunguko inatanuka zaidi, mpaka inagonga ufito. Kwa hiyo x inatupa nyepesi.

Kwenye jozi yenye DC hasi, y, DC inaivuta ioni iuendee ufito muda wote, na kinachoiokoa ni RF. Ioni nyepesi inarudishwa kwa wakati. Nzito hairudi vya kutosha. Inateleza polepole mpaka inagonga. y inatupa nzito. Kinachotoka upande wa pili ni zile zilizonusurika kote kuwili.

Hapa wengi husoma kilele kinyume, basi tazama vizuri. Mkia wako uko kushoto, tuseme kwenye 501. Pale mashine imewekewa 501 lakini kinachopita ni ioni ya 502, yaani ioni iliyo *nzito* kuliko mpangilio. Ioni hiyo ilipaswa kutupwa na y, na y hawakuitupa. Mkia wa kushoto unauliza habari za jozi ya y. Mkia wa kulia ungeuliza habari za x.

Hesabu za mwendo huu ni mlingano wa Mathieu, Mfaransa aliyeuandika mwaka 1868 akitafuta mtetemo wa ngozi ya ngoma yenye umbo la duaradufu. Wolfgang Paul na Helmut Steinwedel wa Bonn waliutumia kwa ioni mwaka 1953, na Paul akapata Nobel ya fizikia mwaka 1989. Kwa ioni yenye chaji moja (e ni chaji hiyo, m ni tungamo la ioni):

a = 8eU / (m r0² Ω²)
q = 4eV / (m r0² Ω²)

Ukichora a juu na q chini, eneo ambamo ioni inakuwa thabiti kwenye x na y kwa pamoja lina umbo la pembetatu iliyopinda, na ncha yake iko kwenye q = 0.706, a = 0.237. Kwenye ncha hiyo U/V ni 0.1678. Mashine inapanda U na V kwa pamoja, ikiuweka uwiano wao chini kidogo ya 0.1678, na kila tungamo kwa zamu yake linapita chini ya ncha.

Kwa matumizi ya kila siku: V = 7.22 × M × f² × r0², M ikiwa tungamo kwa u, f (masafa ya RF) kwa MHz na r0 kwa sentimita. Mashine yako inatoka 1.155 V kwa kila u. Kwa 502 ni V ya 580 na U ya 97. Kwa 69 ni V ya 80 na U ya 13.4. Ukiona kitabu chenu kinatoa namba zilizo mara mbili ya hizi, tazama kama V wameipima baina ya jozi mbili badala ya jozi na ardhi.

---

Bi_Kilele

FitoNne ameeleza vizuri. Mimi niendelee na swali la upana, maana vipimo vitatu alivyoleta mwenye mada vinasema mengi kuliko anavyodhani.

Ukali wa utenganishaji karibu na ncha unafuata kanuni hii: M/ΔM = 0.126 / (0.16784 − U/V). Mnaotaka kilele cha 0.7 u kwenye 502 mnahitaji ukali wa 717, maana yake U/V iwe pungufu ya ncha kwa 0.000176 tu. Geuza hiyo iwe volti: kwa V ya 580 ni volti 0.1. U ikiwa 97.2 kilele kina upana wa 0.7. Ikishuka ikawa 97.1, upana unafika 1.4. Ikipanda ikawa 97.3, mstari unapita kwenye ncha yenyewe na 502 inatoweka kabisa. Watu huogopa RF kwa sababu ni kubwa, lakini upana wa kilele umeshikwa na sehemu moja katika elfu ya DC.

Na ukiifungua kanuni hiyo utaona jambo jingine. Kosa la U ambalo ni lilelile kwenye tungamo zote (ofseti) linatanua vilele vyote sawa: kwa mashine hii, kila volti 0.1 ni kama 0.7 u, iwe kwenye 69 au kwenye 502. Kosa la U ambalo ni asilimia (geini) linakua pamoja na tungamo.

Sasa tazama 0.6, 0.8, 1.3. Kutoka 69 hadi 502 umeongezeka 0.7. Kama ni kosa la asilimia, 219 ingekuwa 0.84 hivi. Umepima 0.8. Vinakaa kwenye mstari mmoja. Kwa maoni yangu U yenu imepungua kwa karibu 0.1%, na hilo ni la geini. Halielezwi na ofseti wala na nishati ya ioni.

Nasema si nishati kwa sababu ile rai ya 20 eV ina hesabu yake pia. Fito haziwezi kuitenganisha ioni ambayo haijakaa humo mizunguko ya kutosha. Ukali wa juu kabisa unaopatikana ni n²/K, n ikiwa idadi ya mizunguko na K ikiwa kati ya 12 na 20 kutegemea mashine. Chukua K ya 20. Kwa 502 yenye mizunguko 144: upana wa chini kabisa ni 20 × 502 / 144², yaani 0.48 u. Kwa 69 yenye mizunguko 53: 20 × 69 / 53² ni 0.49. Ni uleule! Nzito inahitaji ukali zaidi lakini inakwenda polepole zaidi, na hayo mawili yanalipana. Kwa hiyo nishati ikizidi, 69 inaharibika sawa na 502. Mkipandisha hadi 20 eV, kasi inaongezeka mara mbili, mizunguko inabaki nusu, na upana wa chini kabisa unakuwa 1.9 u kwenye skani nzima. Mtapata kimo kwenye 502, na mtapoteza 503, 220 na 70 kwa pamoja. Tafadhali msifanye hivyo.

Kikuza elektroni kinakuza kila kitu kilichokwisha kupita, pamoja na kelele. Hakigusi upana.

---

Pampu_Changamwe

Mashallah, hesabu imenyooka. Niongeze kwamba nishati ina mpaka wa chini vilevile, msije mkaishusha mno mkitafuta ukali.

Mlangoni mwa fito, kabla ioni haijaingia sawasawa, kuna eneo lenye urefu wa karibu r0 ambamo U na V zinakua kutoka sifuri. Humo uwiano ni uleule, kwa hiyo ioni inapanda mstari wa skani kuanzia chini kabisa, na sehemu ile ya chini iko *nje* ya pembetatu upande wa y. Ioni inasukumwa kuelekea fito za y kabla hata safari haijaanza. Ikipita upesi haidhuriki. Ya 502 kwa 5 eV inapita 4 mm kwa mizunguko mitatu hivi, bado ni salama. Kwa 2 eV inakaa mizunguko minne na nusu, na hapo zinaanza kupotea, nzito zikitangulia kwa kuwa ndizo zinazokwenda polepole. Ndiyo maana mashine nyingi zina fito fupi za mwanzo zinazopewa RF bila DC, wazo la Brubaker la miaka ya 1960: ioni inatembea kwanza kwenye mstari wa q ambako ni thabiti, ndipo DC inaingia ikiwa imeshafika ndani ya pembetatu. Kama mashine yako inazo, zitazame kwanza unaposhuku uchafu, kwa sababu ndizo zinazopokea moshi wote wa chanzo.

Sasa mpangilio wa kazi. Usiguse fito. Hakikisha chanzo na kwadrupoli zimefika joto lake na zimetulia. Ombwe likifunguliwa, subiri angalau saa nne, na usiku mzima ni bora zaidi kwa hewa yetu hii yenye unyevu. Soma presha: kwa heliamu ya mililita 1 kwa dakika unategemea kuwa kwenye eneo la 10⁻⁵ Torr. Kwa presha hiyo molekuli ya hewa inasafiri karibu mita 5 bila kugongana, na fito zako ni 0.2 m, kwa hiyo ioni inapita bila kugongwa. Ikifika 10⁻³ Torr, safari hiyo ni sentimita 5, na kila hesabu iliyoandikwa hapo juu haifai tena.

28 na 32 zako ziko chini, kwa hiyo hewa haivuji. Ingekuwa inavuja ungeziona zikipanda pamoja, 28 ikiwa karibu mara nne ya 32, na 40 ya argoni ikifuata kwa mbali. 18 peke yake ni maji yaliyoshika kwenye kuta. Mkifungua ombwe, rudisheni presha kwa naitrojeni kavu, si kwa hewa ya chumba, na msifungue chemba kabla joto halijashuka chini ya 100 °C. Hewa ya Mombasa ikiingia kwenye chuma cha moto huacha oksidi, na ikiingia kwenye chuma baridi huacha maji. Pwani hapa naitrojeni si anasa.

Baada ya hapo tazama uwiano wa isotopu: 70 kwa 69 iwe karibu 1.1%, 220 kwa 219 karibu 4.3%, 503 kwa 502 karibu 10.1%. Hizi zinatoka kwenye idadi ya kaboni ndani ya ioni, hazibadiliki kwa mashine kuzeeka. Zikipotoka, ama vilele vimeingiliana ama kikuza kimejaa.

Kisha kuna jaribio moja ambalo ndilo litakalowaamulia. Kama programu yenu inaruhusu, geuzeni polariti ya DC ya fito: jozi iliyokuwa x iwe y, na y iwe x. Rekebisheni tena mhimili wa tungamo (mahali kila tungamo linaposomwa), kisha tazameni 502. Uchafu haubadilishi ufito, lakini polariti imebadilika. Mkia ukipungua au ukihama, tatizo liko juu ya uso wa fito. Vilele vikibaki vilevile, tatizo liko kwenye umeme unaozilisha.

---

Tarakimu_Mkomani

Swali la pembeni, samahani mwenye mada. Kama kugongana ni sumu, mbona kwenye mashine za kwadrupoli tatu ile ya katikati tunaijazia argoni kwa makusudi?

---

FitoNne

Kwa sababu ile ya katikati haichuji. Haina DC, kwa hiyo a ni sifuri na kila ioni yenye q chini ya 0.908 inapita, kazi yake ni kuzishika tu zisipotee huku zikivunjwa na gesi. RF inazirudisha katikati kila zinapogongwa, na migongano mingi midogo inazipunguzia nishati zikakusanyika karibu na mhimili. Douglas na French walilionyesha hilo mwaka 1992. Cha kuangalia ni kwamba vipande vyepesi vinavyovuka 0.908 vinapotea humo. Ukiwa na ioni mama nzito na V kubwa, kipande chako cha m/z 50 kinaweza kisionekane wakati kimetengenezwa vizuri kabisa. Punguza V ya seli hiyo kabla ya kuilaumu gesi.

---

Mpimaji_Shimanzi

Shukran sana nyote. Programu yetu inaruhusu kugeuza polariti. Baada ya kugeuza na kurekebisha mhimili: mkia wa kushoto wa 502 umepungua sana, lakini upana bado ni 1.2, 219 iko 0.8, 69 iko 0.6. Presha ni 1.8 × 10⁻⁵ Torr. Kuna mambo mawili sikuyataja mwanzo. Kiyoyozi cha chumba huzimwa wikendi, mashine ikiendelea kuwaka. Na stima ikipotea, UPS iliyopo inabeba kompyuta tu.

---

Bi_Kilele

Basi mna matatizo mawili tofauti, na ni vizuri yametengana.

Mkia umefuata fito, kwa hiyo jozi ile iliyokuwa y ina utando. Utando wa mafuta haupitishi umeme. Ioni zinazogonga zinaacha chaji juu yake, na uso wa ufito unakuwa na volti yake mwenyewe isiyolingana na U uliyoiweka. Mmeona volti 0.1 inafanya nini. Jozi ya y ndiyo inayoumia zaidi, kwa kuwa kwenye skani ya kawaida nzito zote zinazosubiri zamu zinatupwa huko, na kwa kuwa kwenye y ioni inateleza polepole bila kutikiswa sana, hivyo kisukumo kidogo kinatosha kuipotosha.

Upana haukufuata fito. Huo ni umeme, na ni wa asilimia, kama ulivyokuwa. Hapo kiyoyozi ndicho ninachokishuku. Chumba kikikaa na unyevu siku mbili, vumbi lenye chumvi kwenye kauri za pini zinazoingiza umeme ndani ya chemba, upande wa nje, linaanza kupitisha mkondo. Hauhitaji kuwa mkubwa: njia ya DC ikiwa na ukinzani wa kilo-omu 10, uvujaji wa mega-omu 10 unaishusha U kwa 0.1%. Ndicho hasa kinachoonekana kwenye vilele vyenu. Uvujaji wa namna hii siku zote ni wa asilimia, kwa sababu unagawanya U yoyote iliyopo kwa uwiano uleule.

Zimeni mashine yote, chomoeni kwenye soketi, subirini kondensa zimwage. Kwenye pini hizo kuna RF ya mamia ya volti, na bamba la kugeuzia ioni mbele ya kikuza linaweza kuwa na kilovolti 10. Hakuna cha kugusa kikiwa kinawaka. Futeni kauri na viunganishi kwa aisopropanoli ya 99% na kitambaa kisichoacha nyuzi, acheni zikauke kabisa, tazameni kama pini zina kutu ya kijani. Bodi ya RF ipulizwe kwa naitrojeni kavu. Kisha chumba kikae chini ya asilimia 60 ya unyevu, wikendi pia. Joto nalo lisipande na kushuka: kipimo cha ndani kinachosoma kimo cha RF kinabadilika na joto, na kwenu kosa la 0.02% la V linahamisha 502 kwa 0.1 u.

Baada ya hapo ndipo mtyuni upana kwa mkono. Fungueni madirisha matatu, 69, 219 na 502, kila moja u 3 kushoto na kulia. Anzeni na ofseti kwenye 69 hadi 0.6. Nendeni kwenye 502 mrekebishe geini. Rudini 69, kwa sababu geini imeisogeza kidogo, na hivyo hivyo mpaka vyote vitulie. 219 itajipanga yenyewe. Msogeze geini kwa hatua ndogo kabisa inayokubaliwa na programu. 502 ikitoweka ghafla, mmevuka ncha. Rudini nyuma hatua moja. Na kama geini inahitaji kusogezwa sana ili kufika, uvujaji bado upo, na kuuficha kwa namba ni kujitafutia tyuni mpya kila wiki.

---

Pampu_Changamwe

Kuhusu utando: umetoka wapi? Mwenye mada amejibu mwenyewe. Stima ikipotea na pampu bila UPS, pampu ya mafuta inasimama mara moja, huku pampu ya tabo (pampu ya ombwe yenye mapanga yanayozunguka kwa kasi kubwa) ikiendelea kuzunguka kwa kasi inayoshuka. Bomba kati ya hizo mbili linabaki na mvuke wa mafuta, na tabo iliyopungua kasi haiwezi tena kuuzuia usipande juu. Unafika kwenye chanzo na fito. Utaujua kwenye skani ya chemba tupu: vilele vya 43, 57, 71, 85, vikipishana kwa 14. Hilo ni mafuta ya pampu. Ukiona 149 ni plastiki, 73 na 207 ni silikoni ya kolamu au ya kizibo. Hayo ni mambo mengine.

Kwa hiyo kabla ya kusafisha, zibeni chanzo cha tatizo. Pampu zote mbili na mashine ziwe kwenye UPS ya aina inayobeba mzigo muda wote, yenye dakika za kutosha kuzima kwa utaratibu: filamenti kwanza, joto lishuke, kisha tabo, kisha presha irudishwe. Vali ya kuzuia mafuta yasirudi kwenye pampu ya chini ijaribiwe. Na wekeni rilei ya kuchelewesha, ili stima ikirudi na kukatika tena ndani ya dakika moja tabo isianze na kusimama mara mbili.

Kusafisha: anzeni na chanzo cha ioni. Fungueni bamba la kusukuma, bamba la kutolea na lenzi ya kuingilia. Vipande vya chuma tu visuguliwe kwa poda ya alumina iliyolowekwa kwa methanoli mpaka weusi wote utoke, hasa kuzunguka tundu. Kauri na filamenti zisiguswe na poda. Osheni kwa maji yaliyosafishwa, kisha methanoli, kisha asetoni, kisha heksani, dakika tano kila moja kwenye bafu la mawimbi ya sauti, kausheni kwenye oveni ya 100 °C. Glavu wakati wote. Alama ya kidole inaonekana kwenye skani kwa siku kadhaa.

Fito zenyewe, kwanza zichomeni bila kuzitoa: pandisheni joto la kwadrupoli hadi kikomo cha juu kinachoruhusiwa na kitabu, usiku kucha, filamenti ikiwa imezimwa. Utando mwepesi wa mafuta huondoka kwa njia hii. Linganisheni 57 kabla na baada. Ikibaki juu na mkia ukibaki, ndipo mtoe kwadrupoli nzima kama kipande kimoja, kama mtengenezaji anaruhusu, na kuimiminia methanoli kisha heksani huku mkiipitisha wima.

Anayesema zifunguliwe zisuguliwe, mwambieni kwa heshima kwamba nafasi baina ya fito imepimwa kiwandani kwa mikromita chache. r0 yenu ni mikromita 4,000, na M inategemea r0². Ukisogeza fito kwa mikromita 2, sawa na 0.05%, tungamo linahama kwa 0.1%: nusu u kwenye 502. Na fito zikisogea hazisogei zote sawa, kwa hiyo sehemu moja ya urefu inapitisha 502 na nyingine 502.5, na hakuna skrubu wala tyuni itakayozirudisha. Skrubu zinazoshika fito kwenye kauri hazifunguliwi kamwe, na poda haiingii humo.

---

Mpimaji_Shimanzi

Nimeelewa. Tunaanza na kauri za nje na chumba, kisha kuchoma usiku, na chanzo kitasafishwa ombwe likifunguliwa kwa ajili ya vali. Nishati inabaki 5 eV. Swali moja la mwisho: polariti niirudishe ilivyokuwa, au niiache ilivyogeuzwa?

---

Bi_Kilele

Iache ilivyogeuzwa mpaka mmalize kuchoma, maana jozi safi ndiyo inayofaa kuwa y. Baadaye jaribuni pande zote mbili kwenye 502, geini ikiwa imerekebishwa kila upande, na mbaki na upande wenye kimo kikubwa kwa upana uleule. Andikeni kwenye daftari la mashine ni upande gani. Mhimili wa tungamo hauhami sawasawa ukigeuza, na atakayekuja baada yenu akirudisha bila kurekebisha atasoma 0.1 au 0.2 u pembeni, na maktaba ya spektra itampa majina yasiyo sahihi bila onyo lolote.